Nyumba ya Reading, Hati ya Moshi

Mume wangu hamwamini mtu wa kati. Baba yake, ambaye sasa ni marehemu, alionyeshwa na dalali kiwanja kimoja pale Moshi akaja kuandikishiwa kingine, cha bondeni, ambako maji ya masika hupita kila mwaka. Habari hiyo husimuliwa kwao kila Krismasi ukoo unapokusanyika, na watoto wanaijua kabla hawajajua kusoma. Kwa hiyo mwaka 2022, tulipoamua kuacha kupanga na kununua nyumba hapa Reading, magharibi mwa London, kwake hapakuwa na la kujadili. Tutakwenda benki. Benki ina jengo, ina mlango, na mambo yakiharibika unajua pa kurudi.

Mimi nilikuwa nasikia mengine. Ni muuguzi, na wakati wa chai wodini kwetu habari ya nyumba haiishi. Wenzangu Wafilipino, wenye mshahara kama wangu na watoto wengi kuliko mimi, walikuwa wakinunua mmoja baada ya mwingine, na karibu wote walipitia kwa dalali wa mikopo. Huyu si dalali wa kuonyesha nyumba. Kazi yake ni kuichukua hali yako ya fedha kama ilivyo, kutafuta ni mkopeshaji gani ataikubali na kwa riba ipi, kisha kukuandalia maombi. Hapa Uingereza hafanyi kazi hiyo mpaka aidhinishwe na mamlaka inayozisimamia benki, FCA, na rejista ya walioidhinishwa iko wazi mtandaoni kwa yeyote anayetaka kuhakikisha.

Nilimweleza mume wangu hayo yote. Akasema, "Mama watoto, dalali ni dalali." Tukaenda benki.

Ilikuwa benki ileile inayopokea mshahara wangu tangu nilipofika nchi hii. Mume wangu alivaa suti. Mama yake, aliyekuwa amekuja kututembelea kutoka Moshi, alitusindikiza hadi mlangoni kwa sala. Nyumba tulikuwa tumeshaipata, vyumba viwili na kiuga nyuma, pauni 310,000. Tulikuwa na asilimia kumi ya malipo ya awali, na tulitaka kukopa 279,000.

Kijana aliyetupokea alikuwa na adabu, na sina neno baya juu yake. Alichukua hati zetu za mshahara za miezi mitatu, taarifa za akaunti na karatasi za ukaazi, akaanza kuingiza namba. Mume wangu ni dereva wa basi, na sehemu kubwa ya kipato chake hutokana na zamu za Jumamosi na Jumapili. Mimi pia nina zamu za ziada. Mishahara yetu ya msingi kwa pamoja ilikuwa pauni 52,000, na ukijumlisha ziada, 62,000. Benki ile ilihesabu msingi peke yake. Wakopeshaji wengi hapa hawapendi kupita mara nne na nusu ya kipato cha mwaka, kwa sababu tangu mwaka 2014 Benki Kuu ya Uingereza imewawekea kikomo cha mikopo mikubwa ya aina hiyo. Mara nne na nusu ya 52,000 ni 234,000. Kisha akaziona pauni mia mbili zinazokwenda Moshi kila mwezi, akaziandika kama deni, na kiasi kikashuka tena.

Halafu akaona akina mama kumi na mmoja.

Wanawake kumi na mmoja, kila mmoja na jina lake, walikuwa wameniingizia pauni mia tano mia tano katika wiki moja. Kwetu hilo halihitaji maelezo. Ni upatu, na ile ilikuwa zamu yangu. Tuko kumi na wawili, kutoka Dar, Arusha, Unguja na Mombasa, tumetawanyika kati ya Slough na Leicester, na kijumbe wetu hajawahi kupoteza hata senti ya mtu. Lakini sheria ya kudhibiti utakatishaji wa fedha humtaka mkopeshaji ajue malipo ya awali yametoka wapi, na kwa macho ya kijana yule fedha zile zilifanana na kile alichofundishwa kukiogopa. Nilimweleza, akasikiliza, akaandika kitu, kisha akageuza kompyuta tuione. Wangetukopesha chini ya 230,000.

Hakutuambia kwamba benki nyingine huhesabu nusu ya ovataimu, na nyingine huihesabu yote iwapo umeipata mfululizo. Hakutuambia kwamba fedha unazomtumia mzazi kwa hiari yako wengine hawaziiti deni. Pengine hakuyajua, na hata angeyajua, ameajiriwa kuuza mikopo ya benki yake. Hilo ndilo linaloniuma ninapowaona ndugu zetu wakitoka benki vichwa chini, wakiamini nchi nzima imewakataa, kumbe ni kompyuta ya taasisi moja.

Siku zilizofuata nyumbani zilikuwa nzito. Mume wangu alikula kimya. Mama mkwe alimwambia, kwa upole uleule wa kumwambia mtoto aliyeanguka darasani, kwamba hata baba yake alikataliwa mara nyingi kabla ya kupata. Lakini yeye hasira yake ilikuwa imemfikisha pabaya. Wakala anayeiuza ile nyumba alipopiga simu kusema kuna wanunuzi wengine, na kwamba ofa yetu ingeonekana ya uhakika zaidi tukimtumia mshauri wa mikopo wa ofisini kwao, mume wangu, huyuhuyu asiyemwamini dalali, alikubali kabla sijatoa mkono kwenye unga.

Mshauri yule alitaka karibu pauni elfu moja za kuanzia. Alitaka pia tukate bima ya maisha na ya maradhi kupitia kwake siku hiyohiyo. Mume wangu alikuwa ameshachomoa kadi. Niliomba karatasi yake ya utambulisho, kwa sababu kila dalali wa mikopo hapa anatakiwa akueleze mapema anaangalia soko lote au sehemu yake, na analipwaje. Karatasi ilisema anachagua kwa wakopeshaji wachache walioteuliwa na kampuni. Nikamwambia mume wangu kwa Kiswahili arudishe kadi mfukoni, tutaongea nyumbani. Na ninasema wazi kwa kila anayetafuta nyumba Uingereza: wakala wa muuzaji halazimishi mtu. Sheria ya mawakala wa nyumba ya mwaka 1979 na kanuni zilizoifuata zinamtaka amfikishie muuzaji ofa yako bila kuchelewa, na asikubague eti kwa kuwa hukununua huduma zake nyingine. Nilimwandikia wakala barua pepe fupi yenye maneno hayo. Ofa yetu ilifika, tena muuzaji akaikubali.

Sasa zamu ikawa yangu. Mwenzangu wa wodini alinipa namba ya mama mmoja wa Slough, Mpunjabi, mwenye miaka mingi katika kazi hii. Mume wangu alitoa sharti moja, kwamba maongezi yafanyike nyumbani kwetu, simu ikiwa mezani kwa sauti, ili kila mtu asikie.

Nilimuuliza kwanza nani anamlipa. Akajibu bila kusita. Sisi hatatutoza, atalipwa na mkopeshaji mkopo ukikamilika, kiasi cha asilimia 0.4, ambayo kwa mkopo wetu ni pauni elfu moja na mia moja hivi, na kiasi kamili kitaandikwa kwenye karatasi zetu. Nikamuuliza kama anaona soko lote. Akasema anaona karibu lote, ila zipo benki zenye riba ambazo humpa mteja anayekwenda mwenyewe tu, na akiona moja inatufaa kuliko zake atatuambia twende. Mume wangu alikuwa amekunja mikono. Niliona mkono mmoja ukikunjuka.

Kisha nikamweleza habari ya upatu, nikijiandaa kwa maswali. Yule mama akacheka. "Mama yangu alicheza hiyo hadi alipofariki," alisema. Kwao wanaiita kameti. Alijua mkopeshaji yupi akisikia habari hiyo hufunga faili, na yupi huridhika akipewa barua ya msimamizi, orodha ya wanachama na taarifa za akaunti zinazoonyesha kwamba na wewe ulikuwa ukichangia mwezi baada ya mwezi kabla ya kupokea. Alijua chama kimoja cha ujenzi wa nyumba, mojawapo ya taasisi za kale za huku zinazomilikiwa na wanachama wake kama SACCOS zetu, ambacho kingehesabu ovataimu yote ya mume wangu. Akatuuliza pia kama tumejiandikisha kupiga kura. Hatukuwa. Sisi Watanzania ni raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola, na tukiishi hapa kihalali tunayo haki hiyo. Jina lako likiwa kwenye daftari la wapiga kura, kampuni zinazopima uaminifu wa wakopaji hukuona mtu mwenye makazi yanayojulikana. Tulijiandikisha jioni ileile.

Kisha akauliza swali lililotikisa nyumba.

"Kati yenu kuna aliyewahi kumiliki nyumba, au sehemu ya nyumba, popote duniani?"

Mume wangu akasema hapana. Mama mkwe, aliyekuwa anamenya viazi, akanitaka nimtafsirie. Nikamtafsiria. Akaweka kisu chini.

"Hapana kivipi?" alimuuliza mwanawe. "Na hati ya nyumba ya baba yenu?"

Ikawa hivi. Baada ya msiba, mirathi ilipokwisha, nyumba ya Moshi iliandikishwa upya kwa majina ya watoto watatu wa kiume, mume wangu akiwa wa pili. Mimi sikuambiwa. Na pauni mia mbili za kila mwezi, ambazo miaka yote nilidhani ni matumizi ya mama, nusu yake ilikuwa inanunua mabati na mbao za kuezeka upya nyumba hiyo. Nilimwomba yule mama wa Slough atuachie dakika chache, tukazima simu.

Sitaandika yote yaliyosemwa. Nililia, naye hakujitetea kwa hila. Alisema tu, "Ile ni nyumba ya baba." Na nilijua anasema anachokiamini. Katika ukoo wao nyumba ya mzazi ni ya mzazi hata akiwa kaburini pale uani. Majina kwenye hati ni ya watu waliopewa kuitunza, na hakuna kati yao ambaye angethubutu kusema ni yangu. Ila kwa kodi ya Uingereza jina ni jina. Anayenunua nyumba kwa mara ya kwanza hupata nafuu ya ushuru wa stempu, lakini nafuu hiyo huikosa yeyote aliyewahi kumiliki nyumba au sehemu yake mahali popote, hata kwa urithi. Na wakinunua watu wawili, mmoja akikosa sifa wote wamekosa.

Mama mkwe ndiye aliyetupatanisha. Hakumtetea mwanawe. Alimwambia mbele yangu kwamba mwanamke anayekula zamu za usiku kununua nyumba na wewe hafichwi hati. Kisha akaomba simu iwashwe tena.

Yule mama wa Slough alitufanyia hesabu, akituonya kwamba mwenye neno la mwisho ni wakili. Tungekuwa wanunuzi wa mara ya kwanza, ushuru kwa bei yetu ungekuwa pauni 500. Kwa kuwa hatukuwa, ulikuwa 5,500. Palikuwa na hofu kubwa zaidi, ile nyongeza, wakati huo ya asilimia tatu ya bei nzima, kwa mwenye nyumba nyingine, ambayo kwetu ingekuwa pauni 9,300. Hiyo ilitupita, kwa sababu sehemu ya mume wangu, theluthi ya nyumba ya Moshi, thamani yake iko chini ya pauni 40,000, na chini ya hapo nyongeza haitozwi. Nafikiria mara nyingi ingekuwaje tungejaza fomu kwa jibu la kwanza alilolitoa mume wangu. Benki ile haikutuuliza. Haikuwa kazi yake kuuliza.

Maombi yaliingia kwa chama kile cha ujenzi Alhamisi, tarehe 22 Septemba, wiki ya maziko ya Malkia Elizabeth, wakati ofisi zilikuwa zimesimama Jumatatu nzima na kazi kurundikana. Siku hiyohiyo Benki Kuu ilipandisha riba yake hadi asilimia 2.25. Mwaka mmoja kabla ilikuwa 0.1. Riba yetu ikawekwa kando kwa jina letu, asilimia 4.4 bila kubadilika kwa miaka mitano, malipo kama pauni 1,397 kwa mwezi kwa miaka thelathini. Kilichobaki ni barua ya kijumbe.

Kesho yake Waziri wa Fedha, Kwasi Kwarteng, alisimama bungeni na kutangaza kupunguza kodi kwa mabilioni ya fedha zilizopaswa kukopwa. Kufikia Jumatatu thamani ya pauni ilikuwa imeporomoka, na jioni hiyo wakopeshaji wakaanza kuondoa mikopo sokoni. Mamia kwa mamia ya mikopo ilitoweka usiku mmoja. Mwenzangu mmoja wa wodini, aliyekuwa amepanga kuonana na benki yake Jumatano, alifika akaambiwa riba aliyoiona wiki iliyopita haipo tena. Katikati ya Oktoba wastani wa mkopo wa miaka miwili ulikuwa juu ya asilimia sita, kutoka chini ya tano. Kwa mkopo wetu, asilimia 6.3 ingekuwa pauni 1,727 kwa mwezi, na tusingeziweza.

Na kijumbe alikuwa amekataa kuandika barua.

Nilimwelewa. Ni mwanamke mwenye heshima zake anayeshika fedha za watu kwa uaminifu tu, bila ofisi wala karatasi, na kuniandikia barua kuliona kama kujipeleka mwenyewe kwa watu wa kodi. Kwa simu hakushawishika. Mama mkwe akasema jambo hili haliendi kwa simu. Tulipanda treni kwenda Leicester, yeye akiwa na kitenge chake kizuri na kilo mbili za kahawa ya Kilimanjaro alizokuwa amezileta kwa ajili ya watu wengine kabisa. Tulipofika hakutaja barua. Alisalimia, akaulizia watoto, akaulizia kwao kijumbe, wakakuta wana jamaa wa kuoleana huko Machame. Chakula kilipokwisha ndipo akasema, "Mwanangu, hatukuombi useme neno lisilokuwepo. Tunaomba useme lililopo, ili binti huyu asionekane mwizi wa fedha zake mwenyewe." Kijumbe alinyamaza kidogo, kisha akamwita mwanawe wa chuo kikuu aje na kompyuta.

Barua ilikuwa ya nusu ukurasa. Ilitaja wanachama, kiasi, mpangilio wa zamu, na tarehe niliyopokea. Chama cha ujenzi kiliuliza swali moja zaidi, kikajibiwa, na kwa kuwa maombi yetu yalikuwa ndani kabla soko halijatikisika, riba ya 4.4 ilibaki yetu. Ofa ya mkopo ilitoka Oktoba, wiki ileile Kwarteng alipoondolewa. Tulipewa funguo Desemba. Katika yote aliyoyatangaza, punguzo la ushuru wa stempu lilibaki, na badala ya 5,500 tulilipa 3,000. Fedha hizo mume wangu alisema zitoke kwenye ovataimu yake mwenyewe, na zilitoka.

Mwenzetu mmoja wa upatu, Mwislamu kutoka Unguja, alinunua mwaka uliofuata kwa njia isiyo na riba. Benki hununua pamoja nawe, unailipa kodi kwa sehemu yake huku ukiinunua kidogo kidogo. Naye alipitia kwa dalali, anayejua taratibu hizo, maana sheria za huku zimezifungulia mlango tangu mwaka 2003, wakati benki nyingi za kawaida hata hazizizungumzii kaunta.

Nyumba ya Moshi imeezekwa. Sasa natuma mimi, kwa jina langu, na shemeji zangu hunitumia picha na risiti za fundi.

Mwishoni mwa mwaka 2027 miaka yetu mitano inakwisha, na mjadala umeanza upya sebuleni. Mume wangu anasema safari hii dalali wa nini: tukibaki na chama kilekile tunachagua riba mpya mtandaoni, hakuna kupimwa kipato tena, hakuna barua za kijumbe. Hoja yake ina nguvu, na nimemwambia hivyo. Mimi nasema tumpigie mama wa Slough miezi sita kabla, atutazamie na kwingine, kwa kuwa ovataimu zetu leo si za 2022, na deni limepungua kuliko lilivyokuwa. Mama mkwe, kwa simu kutoka Moshi, amesema tufanye yote mawili, na kwamba yeye angependa kusikia maongezi hayo simu ikiwa mezani.